Picha ya Thuci Iliyopandisha Maji Mlimani

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja alibisha mlango wa ofisi yangu, kipakatalishi kikiwa kwapani na uso ukiwa umejaa furaha ya mtu aliyefaulu jambo. Kazi niliyowapa ilikuwa ya kawaida: kila mmoja amrekodi mzee wa familia yake akisimulia tukio alilolishuhudia, kisha ayanukuu masimulizi hayo na kuyatafsiri. Wenzake walileta kurasa zilizobanwa kwa pini. Yeye alileta filamu ya dakika nne.

Sauti ilikuwa ya nyanya yake, mama wa miaka 80 na ushei, akisimulia kwa Kichuka. Picha ilikuwa moja tu, ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyotolewa katika sanduku la mama huyo. Mto, mawe, ukingo wenye migomba, na upande wa kulia kabisa mti wa mugumo ulioinamia maji. Nyuma ya picha mtu aliandika kwa kalamu ya wino kwamba ni Thuci, kutoka ng'ambo ya Embu, mwaka 1974. Lakini katika filamu ile picha haikutulia. Maji yalitiririka baina ya mawe, povu likazunguka, majani ya migomba yakapepea. Nakiri, mpenzi msomaji, kwamba nilisisimka. Mto nilioukodolea macho kupitia dirisha la matatu tangu ujana wangu ulikuwa umefufuka kutoka kwenye karatasi ya miaka hamsini.

Yafaa niwaeleze wasiojua kwamba Thuci ndio mpaka wa Embu na ile iliyokuwa Meru ya zamani, ambayo leo upande huo ni Kaunti ya Tharaka-Nithi. Mimi nyumbani kwangu ni Imenti na kazi yangu iko Embu, hivyo nimeuvuka mto huo mara nisizoweza kuzihesabu. Ukiwa Imenti maji huitwa ruuji. Ukifika Embu huitwa manji.

Masimulizi ya nyanya yalihusu miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, wakati Wakikuyu, Waembu na Wameru hawakuruhusiwa kusafiri bila kibali. Yeye alikuwa msichana mdogo. Usiku mmoja wa masika, yeye na mamaye waliuvuka Thuci kwa siri kwenda kwa jamaa zao waliokuwa Embu. Katikati ya mto mama aliteleza, na kiondo kilichokuwa na mbegu za kunde kikachukuliwa na maji. Msichana akakimbia kandokando ya mto gizani, akiogopa kupiga kelele kwa sababu ya homugadi, hadi alipokikuta kiondo kimenaswa na mizizi ya mugumo. Mbegu zile, asema, ndizo walizopanda mwaka uliofuata.

Darasani filamu ilishangiliwa. Lakini mwanafunzi mmoja mwenye jicho kali akanyanyua mkono akauliza: mbona mugumo uko kulia na maji yanakwenda kushoto? Kiondo kilielea vipi kupanda mto? Tukairudia filamu. Naam, ilikuwa hivyo. Maji yalitoka kulia, yakapita chini ya mugumo, yakateremka kushoto. Wengine wakacheka kidogo, kwa adabu, kama watu wacheekavyo kumbukumbu za wazee. Nami, mwalimu wao, nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pambizoni mwa nukuu: "Msimulizi amechanganya mwelekeo."

Maneno hayo matatu ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa safarini kurudi nyumbani. Matatu ilipopunguza mwendo kuteremkia daraja la Thuci, nilitazama maji kama nifanyavyo siku zote, na moyo ukanipasuka. Thuci hutoka Mlima Kenya, ulio upande wa kaskazini-magharibi, na kuteremka kuelekea Mto Tana. Mtu aliyesimama upande wa Embu akiitazama Meru, mlima uko kushotoni pake. Maji hutoka kushoto kwenda kulia. Mpiga picha wa mwaka 1974 alisimama ng'ambo ya Embu. Maandishi yamo nyuma ya picha. Kwa hiyo mugumo ulikuwa upande wa chini wa mto, na kiondo kilielea kuuelekea, kama nyanya alivyosema. Aliyechanganya mwelekeo hakuwa yeye. Ilikuwa filamu.

Nilimwita yule binti nikamwuliza jinsi alivyoifanya kazi yake. Alinieleza bila kuficha. Programu aliyoitumia, iliyomo katika simu yake, humtaka mtu apake kwa kidole sehemu za picha anazotaka zisonge, azizuie kwa vituo zile zinazopaswa kutulia, halafu achore mishale kuonyesha maji yaelekee wapi. Yeye alizaliwa na kukulia Nairobi. Thuci ameuvuka usiku, ndani ya basi, akiwa usingizini. Alipoitazama picha aliona kana kwamba ukingo wa kulia umeinuka, pengine kwa sababu kamera ilishikwa upande upande, naye akachora mshale kutoka kulia kwenda kushoto. Kisha kulikuwa na kipimo cha kasi. Alikisogeza mpaka maji yakapendeza.

Hapa inafaa tusimame kidogo tuitazame kazi yenyewe ya mashine, maana walimu wengi huniuliza kama ni uchawi.

Picha ya kompyuta ni nukta nyingi ndogo za rangi zilizopangwa safu kwa safu. Nyuso za vitu duniani, kama vile gome la mti, mchanga, moshi au maji yenye mawimbi, zina namna zinavyojirudia bila kufanana kikamilifu, jinsi ukili wa mkeka unavyojirudia. Kiingereza kimekopa jina la sifa hiyo kutoka kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufuma. Kwetu neno "mfumo" lingefaa, kwa kuwa limetokana na kitenzi hichohicho cha kufuma, lakini limekwisha kutekwa na wanasiasa na wanauchumi. Mimi hutumia "msuko". Walimu wa fasihi mnalijua katika msuko wa matukio, na akina mama wetu wanalijua katika viondo. Msuko unaosonga, basi, ni uso wa kitu ambao nukta zake hubadilika kwa wakati: maji, majani, moto, mawingu.

Watafiti wamejishughulisha na misuko hii kwa miongo kadhaa. Mwaka 1985 Ken Perlin alichapisha njia ya kihisabati ya kuiga vurugu za maumbile, na sinema nyingi zimejengwa juu yake. Mwaka 2000 Arno Schödl na wenzake walionyesha jinsi kipande kifupi cha video kinavyoweza kurukwa-rukwa na kuungwa hadi kikawa video isiyokwisha. Hao walianza na video, yaani walikuwa na mwendo mkononi. Ugumu ni kuanza na picha moja iliyotulia, isiyo na mwendo hata chembe.

Mwaka 2005 kundi la Yung-Yu Chuang na wenzake lilifanya hivyo kwa kumshirikisha binadamu. Mtu aliikata picha vipande: mti, maji, mashua, wingu. Pengo lililobaki nyuma ya kila kipande lilijazwa kwa kubahatisha. Kisha kila kipande kilipewa aina yake ya mwendo. Mti ulichukuliwa kuwa kitu kinachoyumba na kurudi, ukapulizwa upepo wa kihisabati. Maji yakapewa mawimbi. Waliyafanya hayo hata kwa michoro ya rangi ya wasanii wa kale kama Claude Monet.

Mwaka 2021 Aleksander Holynski na wenzake walipiga hatua nyingine. Wao waliifunza kompyuta kwa kuionyesha video nyingi za maji na moshi, hadi ikaweza kuitazama picha na kukisia kila nukta yapaswa kwenda wapi na kwa kasi gani. Kulikuwa na tatizo ambalo mtoto wa shule anaweza kulifahamu. Ukizisukuma nukta za mto kuelekea chini, kule juu zinakotoka panabaki tundu, kwa sababu picha haina maji mengine ya kuleta. Dawa yao ilikuwa kuusukuma mto huohuo mara mbili, mara moja mbele na mara moja nyuma katika wakati, kisha kuzichanganya picha hizo mbili ili tundu la moja lizibwe na nyingine. Hivyo video huzunguka bila mshono kuonekana. Ni ufundi wa kupendeza mno. Ukitafakari, utaona kwamba maji unayoyatazama kwa dakika nzima ni maji yaleyale ya sehemu ya sekunde moja, yakijifuata mkia.

Kisha mwaka 2023 Zhengqi Li na wenzake wa kampuni ya Google walishughulikia vitu vinavyoyumba, kama miti, maua, nguo na miali ya mishumaa, nayo makala yao ikapata tuzo mwaka uliofuata katika mkutano mkuu wa fani hiyo. Njia hizi zote, zile za mwanzo na hizi za sasa, zina sifa moja ambayo waundaji wenyewe hawaifichi. Mashine haitafuti jinsi kitu kile kilivyosonga siku ile. Inatoa mwendo unaoelekea kufaa, kwa kulinganisha na vitu vingine vilivyosonga mahali pengine.

Nililijaribu jambo hilo mwenyewe kwa picha ya shamba la majani chai niliyoipiga Kianjokoma. Aijuaye chai anajua kwamba vichaka vyake, vikishachumwa sawasawa, huwa kama meza. Upepo ukivuma, vijani vichanga vya juu hutetemeka tu, na kichaka chenyewe hakitikisiki. Programu niliyoitumia iliipa chai ya Kianjokoma mwendo wa ngano ya Timau: shamba zima likainama na kuinuka kwa mawimbi. Lilipendeza. Mke wangu alisema ni bahari ya kijani. Mgomba nao ulipepea kama bendera, jani moja zima, ilhali jani la mgomba lililokwisha kuraruliwa na upepo huwa vitambaa kumi, na kila kitambaa kina shughuli yake.

Mshale pia ni lugha maskini. Una mambo mawili tu ya kusema, mwelekeo na kasi. Kiswahili kina maji yanayobubujika, yanayotiririka, yanayochuruzika, yanayofoka, yanayoporomoka, yanayomiminika, na mwanafunzi wa kidato cha pili akitumia kimoja pahala pa kingine mwalimu humkata alama. Picha ile ilipigwa kiangazi, mawe yakiwa wazi. Nyanya alisimulia mto wa masika, usiku, uliofoka hadi kifuani mwa mamaye. Kipimo cha kasi kiliposogezwa mpaka maji yakapendeza, mto wa kuogofya uligeuka kuwa mto wa kalenda, na sauti ya mama mzee ikasikika kama ya mtu anayetia chumvi.

Hilo ndilo linaloniumiza zaidi ya mshale wenyewe. Tulipokuwa na ushahidi wa aina mbili, kauli ya aliyekuwapo na mwendo uliobuniwa na asiyekuwapo, sisi darasa zima la watu wasomi tuliuamini mwendo. Hakuna aliyeuliza mwendo umetoka wapi. Kama ningeonyeshwa ile karatasi iliyotulia, ningekubali kwamba sijui maji yanakwenda wapi, nami ningemwuliza nyanya.

Waswahili wa vyombo vya habari huita picha iliyotulia "picha mnato" na sinema "picha jongefu". Ni istilahi nzuri kuliko tunavyozitumia. Mnato ni kule kunata, na picha ya mwaka 1974 imenata kweli pale ilipoguswa na mwanga. Kujongea nako si kusonga tu. Ni kusogea karibu. Picha jongefu hutujongelea mpaka tukadhani tumo ndani yake, na aliyemo ndani hana haja ya kuuliza.

Sisi watu wa isimu tunalijua vyema jaribu hili. Kimeru na Kiembu ni lugha za toni, lakini maandishi yetu ya kawaida hayaonyeshi toni, kwa hiyo ukurasa wa Kimeru ni picha mnato ya usemi. Asomaye kwa sauti ndiye anayetia mwendo. Akiwa mzawa wa lugha, hutia mwendo wake. Akiwa mgeni, hutia wa kwao, na wasikilizaji husikia Kimeru cha ajabu ambacho hakikuandikwa na yeyote.

Hata lugha iliyokwisha kutoweka tunaifufua. Twalinganisha "maji" ya Kiswahili, "manji" ya Kiembu na maneno ya lugha nyingine nyingi za Kibantu, kisha twasema kwamba hapo kale shina lilikuwa *-jiji. Mtazame vyema mstari huo. Kabla ya shina pana kinyota. Kinyota hicho, kilichoenezwa na Mjerumani August Schleicher katika karne ya 19, kinasema kwamba neno hili halikusikiwa wala kusomwa na mtu. Limekisiwa kwa hoja. Hakisemi ni uongo. Kinasema limetoka wapi. Mwanafunzi wangu akilisahau, namrudishia kazi yake.

Schleicher huyohuyo alishindwa na jaribu. Mwaka 1868 alitunga kisa kizima cha kondoo na farasi katika lugha ya kale aliyoifufua, babu ya lugha nyingi za Ulaya na India. Neno moja moja lilikuwa na hoja zake. Lakini alipoyafanya maneno yale yatembee na kuzungumza, alilazimika kujaza kila pengo. Mwaka 1939 lilichapishwa toleo la Hermann Hirt lililokiandika kisa hicho upya kwa sura ambayo Schleicher asingeitambua, na wengine baada yao wameendelea kukibadilisha. Kisa ni kilekile, kondoo ni yuleyule, usemi hubadilika na kila kizazi cha wataalamu. Natabiri kwamba Thuci ya mwanafunzi wangu, ikipitishwa katika programu ya miaka kumi ijayo, itatiririka kwa namna nyingine kabisa, huku karatasi ikibaki ilivyo.

Kwa hiyo nasema hivi kwa walimu wenzangu: mwendo uliotiwa na kompyuta ustahili kinyota. Kiwekwe pembeni mwa picha, kikae pale muda wote filamu inapoonyeshwa, na chini yake ielezwe ni nani aliyechora mshale. Picha mnato ionyeshwe kwanza, ikiwa imetulia, muda wa kutosha wanafunzi waulize maswali. Anayedhani ni usumbufu akumbuke kwamba hatuna budi kutaja jina la mtunzi hata tunaponukuu shairi la beti mbili.

Yule binti hakukubali kwa urahisi, nami namsifu kwa hilo. Alisema kwamba picha iliyotulia haitazamwi na vijana wa rika lake zaidi ya sekunde mbili, na kwamba sauti ya nyanya yake isingesikilizwa na darasa lile dakika nne kama si yale maji. Ni kweli. Mimi mwenyewe huenda nisingeisikiliza. Aliniambia pia kwamba hata michoro ya vitabu vya historia ni kubuni kwa msanii ambaye hakuwapo vitani. Hilo nalo ni kweli, ila mchoro hujitangaza kuwa mchoro. Hakuna anayedhani kwamba rangi ile ilikuwapo. Hapa karatasi ya kweli na mwendo wa kubuni vimeshonwa pamoja hata sindano haionekani.

Kuna nyumba nyingi huku kwetu ambamo sura pekee iliyobaki ya bibi au babu ni ile ya kitambulisho, iliyokuzwa studioni na kutiwa fremu. Tangu mwaka 2021, kampuni ya MyHeritage ilipotoa huduma ya kuzifanya sura za picha zikonyeze na kutabasamu, nimeonyeshwa mazishini na katika kumbukumbu za familia wazee wakigeuza shingo. Sitaki kuwahukumu wafiwa. Mama yangu mwenyewe ninayo picha yake moja ya namna hiyo, na usiku mmoja nilikaribia kuipitisha. Nilisita nilipokumbuka kwamba mama alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na kwamba mjukuu wake wa miaka mitatu hajui hivyo.

Nilifuta maneno yangu mekundu, na kwa kuwa wino haufutiki nikamwomba anipe nakala mpya ya nukuu. Nilimtumia pia nyanya salamu za kumwomba radhi, ingawa hakujua nimemkosea nini. Alipoelezwa na mjukuu wake, alijibu kwamba mwalimu asiwe na wasiwasi, mto haujali, lakini binti aje nyumbani atazame maji.

Alikwenda. Wiki mbili zilizopita nilishuka kwenye matatu hapo darajani nikateremka ukingoni, nikamkuta amesimama ng'ambo ya Embu, simu mkononi, akirekodi. Alikuwa akitafuta mahali hasa mpiga picha aliposimama. Mawe mawili makubwa aliyatambua. Mugumo haupo tena, na maji ni haba kuliko ya kwenye picha. Pale palipokuwa pa kusimama pameota matete, hivyo alilazimika kusogea hatua kama kumi kuelekea chini, na alikuwa akiziandika hatua hizo katika daftari ili zionyeshwe kwenye filamu.